Nakumatt: rafu zilisema kabla ya mahakama

Chukua rafu ya mafuta ya kupikia. Katika supamaketi inayoendeshwa vizuri, rafu hiyo huwa na safu ya lita moja, ya lita mbili, ya lita tano, na chini kabisa karibu na sakafu madumu ya lita kumi na ishirini. Kila ukubwa huwa na kampuni nne au tano zinazogombea macho ya mnunuzi. Katika matawi mengi ya Nakumatt, supamaketi ya Kenya, mwaka 2017, rafu hiyo ilibaki na vibandiko vyake vya bei ukingoni, vimepangwa kama kawaida, lakini juu yake kulikuwa na chupa za aina moja au mbili tu. Zilikuwa zimesogezwa mbele hadi ukingoni ili pengo la nyuma lisionekane. Ukipitisha mkono nyuma ya chupa ya kwanza, unagusa bati.

Mteja wa kila wiki aliligusa bati hilo miezi mingi kabla Mahakama Kuu ya Kenya haijaiweka kampuni chini ya msimamizi, yaani mtu wa kuendesha kampuni iliyolemewa na madeni badala ya wakurugenzi wake, Januari 2018. Hakuhitaji kuona vitabu vya hesabu. Lakini jambo ambalo wengi hawakulitambua wakati ule ni kwamba yaliyomfanya mteja aipende Nakumatt na yaliyomfukuza yalitoka katika mfuko mmoja, na mfuko huo ulikuwa wa wasambazaji bidhaa.

Walichopata wateja

Jina Nakumatt limetokana na Nakuru Mattresses, duka la magodoro la familia ya Shah mjini Nakuru. Lilipokua likawa supamaketi yenye nembo ya tembo na kaulimbiu ya Kiingereza iliyomwahidi mteja kwamba anachohitaji, wao wanacho. Kwa miaka mingi ahadi hiyo ilitimizwa. Chini ya paa moja ulipata godoro, jiko la gesi, baiskeli ya mtoto, televisheni, mkate uliookwa asubuhi ile, mboga zilizooshwa, dawa ya mbu na madaftari ya shule. Mwenye gari alipata pa kuegesha. Stima ikipotea, jenereta ilichukua nafasi yake na foleni ya malipo ikaendelea. Matawi kadhaa yalifunguliwa saa 24, na hilo lilikuwa na maana kubwa kwa muuguzi anayetoka zamu saa sita usiku, kwa dereva wa masafa marefu, na kwa mzazi aliyeishiwa maziwa ya kopo ya mtoto saa tisa za usiku.

Kulikuwa pia na kadi ya Smart iliyokusanya pointi kwa kila ununuzi. Wapo waliozilimbikiza mwaka mzima ili wazitumie Desemba.

Udhaifu nao ulikuwapo hata siku za neema. Nakumatt haikuwa supamaketi ya bei ya chini. Unga, sukari na sabuni ya kufulia mara nyingi ulivipata kwa bei nafuu kidogo Naivas, Tuskys au kwenye duka la jumla la mtaani. Mteja alikuwa analipia nafasi, taa, saa za usiku na uhakika wa kukuta kila kitu. Uhakika huo ulipotoweka, hakukuwa na sababu nyingine ya kulipa zaidi.

Na kuna jambo zito ambalo halifai kupitwa. Tarehe 28 Januari 2009 moto uliteketeza tawi la Downtown katikati ya Nairobi na kuua watu zaidi ya 20. Baada ya hapo swali la milango ya dharura liliulizwa nchi nzima, na linafaa kuulizwa hadi leo: mlango wa pili uko wapi, unafunguka kwa kusukumwa kutoka ndani, au umezibwa na magunia ya mchele? Supamaketi nyingi hupenda mlango mmoja kwa sababu ya wezi, na hapo mali inalindwa kwa kuhatarisha uhai wa mteja. Miaka minne baadaye, tarehe 21 Septemba 2013, jengo la Westgate lilivamiwa na magaidi. Nakumatt ndiyo iliyokuwa mpangaji wake mkubwa, na tawi hilo liliharibiwa pamoja na mali yake yote.

Hata hivyo kampuni iliendelea kupanuka. Ilikuwa imeingia Rwanda 2008, Uganda 2009 na Tanzania 2011, ikaanzia Moshi. Mwaka 2014 ilichukua maduka matatu ya Shoprite nchini Tanzania. Ilipofika kileleni ilikuwa na matawi zaidi ya 60 katika nchi nne. Mteja aliyaona matawi hayo kama dalili ya nguvu, na ni rahisi kuelewa kwa nini.

Pesa za nani?

Supamaketi kubwa hainunui mzigo mwingi kwa pesa taslimu. Msambazaji huleta bidhaa na ankara, kisha husubiri siku 30, 60, wakati mwingine 90. Tuchukue mfano wa kubuni, tukiacha faida kando ili hesabu iwe nyepesi. Tawi moja linauza bidhaa za shilingi milioni 3 kwa siku. Mzigo unakaa rafuni siku 20 kabla ya kuisha, na msambazaji analipwa siku ya 60. Kwa hiyo kuanzia siku ya 20, mteja anapolipa kwa keshia, hadi siku ya 60, pesa ya msambazaji imekaa kwa supamaketi bila riba. Siku 40 mara milioni 3 ni milioni 120. Kwa matawi 60 ya namna hiyo ni bilioni 7.2.

Fedha hizo zinaonekana kama utajiri, lakini zote zina mwenyewe na tarehe ya kurudishwa. Supamaketi inayoziacha zifanye kazi yake, yaani kulipa ankara zinapofika, inaweza kuishi miaka mingi kwa faida ndogo. Taabu huanza zinapogeuzwa mtaji wa kufungulia matawi. Rafu, friji za ukutani, tanuri la mikate, jenereta, kamera, na amana ya pango la jengo jipya ni vitu vinavyojilipa kwa miaka mitano au zaidi. Ankara ya sabuni inataka kulipwa baada ya siku 60. Ukinunua cha miaka mitano kwa pesa ya siku 60, lazima mtu acheleweshwe.

Sehemu inayodanganya hata wakurugenzi ni hii: kila tawi jipya huja na mzigo wake wa mkopo. Katika mfano wetu, kufungua tawi la 61 kunaleta milioni 120 nyingine mkononi kabla ankara ya kwanza haijaiva. Pesa hiyo inaziba pengo la tawi la 58. Maadamu unaendelea kufungua, shimo halionekani, na ndiyo sababu kampuni yenye deni inaweza kuzindua matawi kwa mbwembwe. Likikosekana tawi jipya la kufungua, ankara zote zinakuja pamoja.

Halafu mauzo yanapoanza kushuka, hali inaharibika kwa kasi kuliko mtu anavyotarajia. Ankara zinazoiva leo ni za miezi miwili iliyopita, wakati tawi lilipouza milioni 3 kwa siku. Pesa iliyopo kwa keshia ni ya leo, na leo tawi linauza milioni 2. Pengo ni milioni moja kila siku kwa tawi moja, kabla ya mshahara, stima na pango. Kila pengo linazuia mzigo mpya, mzigo ukikosekana mauzo yanashuka tena, na mzunguko unajirudia ukiwa mkali zaidi.

Rafu ziliishaje

Kuna mpangilio katika namna supamaketi inavyoishiwa, na anayeujua anaweza kuusoma akiwa na troli yake tu.

Mkate na maziwa ya pakiti hutangulia. Hivi huletwa kila siku, na mkopo wake ni mfupi. Gari la kampuni ya maziwa lisipoingia leo, kesho saa nne asubuhi pengo liko wazi, na haliwezi kufichwa kwa kuwa hakuna akiba ghalani.

Zinazofuata ni bidhaa za kampuni kubwa, zile zenye majina yanayojulikana kila nyumba. Hapa wengi hukosea kwa kudhani kwamba mkubwa anaweza kuvumilia zaidi. Kampuni kubwa ina kikomo cha deni kwa kila mteja, na deni likifika pale, oda mpya inazuiwa hata kama meneja wa mauzo ni rafiki wa miaka 20. Msambazaji mdogo ndiye anayeendelea kuleta, kwa sababu supamaketi ile ni nusu ya biashara yake na anaogopa kwamba akisimama hatalipwa hata la zamani. Kwa hiyo mteja anaona sabuni aliyoizoea imetoweka na mahali pake pamekaa sabuni ambayo hajawahi kuisikia. Mdogo huyo anazama pamoja na meli.

Pamoja na bidhaa, wanaondoka vijana. Katika supamaketi za Kenya wengi wa wanaopanga bidhaa rafuni si waajiriwa wa supamaketi. Wanaletwa na kampuni za bidhaa, na fulana zao zina majina ya kampuni hizo. Msambazaji akisimamisha mzigo, anamhamishia kijana wake supamaketi nyingine. Ukiona njia tatu za rafu hazina mtu wa kumuuliza, wakati zamani kulikuwa na watatu wa kampuni tofauti kwenye njia moja, hiyo ni habari kubwa.

Kisha huja kazi ya kuziba. Bidhaa zinasogezwa mbele, kina cha rafu kinakuwa chupa moja. Maji ya chupa, karatasi za chooni na bidhaa zenye nembo ya supamaketi yenyewe zinatandazwa mita nne au tano ili zijaze macho. Friji mbili zinazimwa, vinavyobaki vinahamishiwa ya tatu. Kaunta za malipo kumi zinabaki tatu, kwa kuwa hakuna foleni ya kuhudumia.

Lakini tahadhari ni muhimu, maana 2017 ulikuwa mwaka mgumu kusomeka. Ukame ulikuwa umeharibu mavuno, unga wa mahindi uliadimika nchi nzima, na kuanzia Mei serikali ilifidia unga ili pakiti ya kilo mbili iuzwe shilingi 90. Pakiti hizo ziliisha kila mahali. Rafu tupu ya unga, basi, haikuthibitisha chochote kuhusu Nakumatt. Wenye kutaka ukweli walipaswa kutazama chumvi, kiberiti, dawa ya meno na sabuni ya kipande, vitu ambavyo havikuadimika nchini. Chumvi ikikosekana upande huu wa barabara na kujaa upande wa pili siku hiyohiyo, tatizo ni la anayelipa ankara.

Kilichowaudhi wateja zaidi ya ukosefu wenyewe ni ukimya. Kibandiko cha bei kilibaki, bidhaa haipo, na aliyeulizwa alijibu kwamba mzigo uko njiani. Mtu aliyepoteza nauli na saa nzima ya Jumamosi mara tatu hakurudi mara ya nne. Laiti angeambiwa mapema kipi kipo na kipi hakipo, huenda wengine wangevumilia.

Aliyebeba gharama

Madeni ya Nakumatt yalitajwa kuwa zaidi ya shilingi bilioni 30, na sehemu kubwa ilikuwa ya wasambazaji. Tarakimu hiyo haionyeshi uchungu wake mpaka uangalie ankara moja. Msambazaji aliyesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani hutozwa asilimia 16 kwa ankara aliyotoa, na hupaswa kuwasilisha kodi hiyo kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Serikali haingoji supamaketi ilipe. Kwa hiyo aliyepeleka mzigo wa milioni moja Machi, alipaswa kutoa hadi shilingi 160,000 kufikia tarehe 20 Aprili, akipunguza tu kodi aliyolipa alipokuwa ananunua malighafi. Supamaketi ikichelewa miezi minane, msambazaji ameikopesha mara mbili: ameipa bidhaa, na ameilipia kodi. Wengine walichukua mkopo wa benki ili walipe kodi ya mauzo ambayo hawakuwa wamelipwa. Hili lilifaa kuandikwa kwa herufi kubwa kuliko habari zote za wakurugenzi.

Wafanyakazi nao walikaa bila mishahara kwa wakati. Keshia aliyemtabasamia mteja katikati ya rafu tupu mara nyingi alikuwa hajui nauli ya kesho itatoka wapi.

Namna ilivyofungwa

Baada ya wasambazaji, waliofuata ni wenye majengo. Supamaketi kubwa ndiyo huvuta watu kwenye jengo la biashara, na maduka madogo ya viatu na simu huishi kwa wapita njia wake. Nakumatt ilipotulia, jengo zima lilitulia. Wenye majengo hawakuwa na sababu ya kungoja, na madalali wakaanza kufika. Carrefour, iliyokuwa imeingia Kenya 2016 kupitia kampuni ya Majid Al Futtaim, ilichukua nafasi za Nakumatt katika majengo kama Thika Road Mall na Junction. Shoprite ilifungua Westgate mwishoni mwa 2018. Tawi lenye mahali pazuri halikosi mrithi, na kila lililorithiwa lilipunguza uwezekano wa Nakumatt kurudi.

Mpango wa kuungana na Tuskys mwaka 2017 haukufanikiwa. Chini ya msimamizi, wasambazaji walihimizwa kuleta mzigo mpya kwa ahadi kwamba huo utalipwa kabla ya deni la zamani. Wachache walikubali, wengi walitaka pesa mkononi. Supamaketi inayonunua kwa pesa taslimu ikiwa na matawi machache haiwezi kushindana kwa bei na yenye mkopo wa siku 60. Mwanzoni mwa 2020 wadai walipiga kura kampuni ivunjwe, na matawi sita yaliyobaki yaliuzwa kwa Naivas kwa shilingi milioni 422.

Tofauti moja na Uchumi, supamaketi nyingine ya Kenya, inafaa kutajwa. Uchumi ilikuwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi, na aliyetaka kusoma hasara zake alizisoma gazetini. Nakumatt ilikuwa ya familia, hesabu zake hazikuwa za umma. Kwa mteja na msambazaji mdogo, rafu ndiyo iliyokuwa taarifa ya fedha pekee waliyoweza kuikagua.

Kwa anayenunua leo

Swali la nani anaigharamia bei nzuri halikuisha na Nakumatt. Aprili 2021 Baraza la Ushindani la Kenya liliunga mkono uamuzi wa Mamlaka ya Ushindani dhidi ya Majid Al Futtaim, mwendeshaji wa Carrefour, katika shauri la msambazaji mmoja wa mtindi, lililohusu makato yaliyotozwa kwa wasambazaji. Ofa ya rafuni inaweza kutoka kwenye ufanisi wa supamaketi, au inaweza kutoka kwenye ankara ya mtu ambaye hana pa kwenda. Mteja hawezi kujua kwa kuangalia kibandiko, lakini akiona bidhaa za wazalishaji wadogo zinaingia na kutoka kila baada ya miezi michache, ana haki ya kuuliza.

Katika supamaketi yoyote, linganisha bei ya kibandiko na ya risiti kabla hujaondoka kaunta. Makosa mengi hutokea siku ofa inapoanza au kuisha, kwa sababu mfumo wa malipo hubadilishwa usiku na kibandiko hubadilishwa na mtu mchana. Linganisha bei kwa kilo au lita, maana dumu kubwa si lazima liwe nafuu. Maziwa na mtindi chukua vya nyuma ya rafu: vyenye tarehe ya mbali hupangwa nyuma. Na ukipitisha mkono huko nyuma wiki baada ya wiki ukikuta bati kwenye bidhaa ambazo jirani anazo, anza na jambo moja: tumia pointi zako zote na vocha zako zote wiki hiyohiyo.

Sababu ni ya kisheria. Kampuni ikifilisika, wenye dhamana kama benki hutangulia pamoja na madai yaliyopewa kipaumbele, mishahara kwa kiasi fulani ikiwemo. Wasambazaji wasio na dhamana huja nyuma yao, na mwenye vocha ya zawadi amesimama foleni hiyohiyo, akiwa na dai la shilingi elfu mbili ambalo gharama ya kulifuatilia ni zaidi ya thamani yake. Pointi zina hali mbaya zaidi, kwa sababu masharti ya kadi za namna hii kwa kawaida huipa kampuni ruhusa ya kuzifuta. Zile milioni 422 za matawi sita ya mwisho, ukizigawa kwa deni la bilioni 30, hazifiki senti mbili kwa kila shilingi, na hiyo ni kabla benki hazijachukua chao.